Jean Jaurès: mwalimu wa falsafa aliyeingia bungeni akiwa na miaka 26, na miaka minne ambayo watu huiruka

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo namleta Mfaransa mmoja aliyeacha ubao na chaki akajitosa kwenye siasa. Kaeni mkao wa kula, uzi ni mrefu.

Jaurès wengi tunamfahamu kwa kifo chake: mgahawa, risasi, vita kuu kulipuka siku chache baadaye. Mimi nataka nianzie mbali. Kwa maoni yangu jamaa alitengenezwa na ile miaka minne ambayo hakuwa mbunge, yaani 1889 hadi 1893, na wasimulizi wengi huipita mbio kama kituo ambacho basi halisimami.

Alizaliwa Castres, kusini mwa Ufaransa, tarehe 3 Septemba 1859. Ukoo ulikuwa na majina makubwa. Binamu wawili wa baba yake walikuwa maadmirali, na mmoja wao, Benjamin Jaurès, akaja kuwa waziri wa majeshi ya majini. Nyumbani kwao Jean lakini hali ilikuwa ya kuungaunga. Baba alihangaika na biashara zisizoshika, akaishia kwenye kishamba nje ya mji. Mtoto alikua anaongea Kioksitani, lugha ya wenyeji wa kusini, na wakulima wa pale, na alipokuwa mtu mzima hakukionea haya. Hata kwenye mikutano ya kampeni alikuwa anakitumia.

Aliyemtoa ni mkaguzi wa elimu, Félix Deltour, aliyepita shuleni kwao akamwona kijana si wa kuachwa. Akamtafutia ufadhili wa kwenda kusoma Paris. Mwaka 1878 Jaurès akaingia École Normale Supérieure, chuo teule cha kuandaa walimu, akiwa wa kwanza kwenye orodha. Mwaka 1881 akafanya agrégation ya falsafa, ule mtihani wa taifa wa kuchuja walimu, akatoka wa tatu. Wa pili alikuwa Henri Bergson, aliyekuja kuwa mwanafalsafa maarufu. Wa kwanza aliitwa Lesbazeilles, na sijawahi kukutana na mtu anayejua alifanya nini baada ya hapo.

Akaomba apangiwe Albi, karibu na wazazi, akafundisha falsafa sekondari miaka miwili. Kisha akawa mhadhiri chuo kikuu Toulouse. Mwaka 1885 akagombea ubunge mkoa wa Tarn, akapita. Miaka 26, mdogo kuliko wabunge wote wa bunge lile.

Sasa hapa ndipo watu huchanganya. Jaurès wa 1885 hakuwa msoshalisti. Alikaa na warepublika wa wastani, watu wa mrengo wa Jules Ferry, waziri mkuu wa zamani, akiamini kwamba jamhuri ikishajenga shule na kumpa kila mwanamume kura, haki nyingine zitafuata zenyewe. Mwaka 1889 utaratibu wa uchaguzi ukabadilishwa, kila mmoja akagombea jimbo lake peke yake, naye akapigwa chini.

Akarudi Toulouse kufundisha. Naendelea chini, ngoja nipate chai.

#2 Mchangiaji

Uzi mtamu huu. Mkuu, usije ukatutoroka na chai yako.

#3 Mleta mada

Nipo.

Toulouse alifanya mambo manne kwa wakati mmoja. Alifundisha chuo. Alikuwa naibu meya anayesimamia elimu ya mji. Aliandika kwenye gazeti la La Dépêche. Na usiku aliandika tasnifu zake mbili za udaktari, kwa kuwa enzi zile ulitakiwa kuleta moja ya Kifaransa na nyingine ya Kilatini. Alizitetea 1892.

Huko La Dépêche alianza kabla hajaanguka. Januari 1888 aliandika barua kwa walimu wa shule za msingi, akiwaambia kwamba akili na roho za watoto zimo mikononi mwao na kwamba wanawajibika kwa nchi. Barua hiyo ilisomwa madarasani Ufaransa nzima Novemba 2020, shule zilipofunguliwa baada ya mwalimu Samuel Paty kuuawa. Ikazuka na ugomvi, maana wizara iliituma ikiwa imekatwakatwa na walimu wakagundua. Yeye mwenyewe angecheka. Ndani ya barua ileile anawalalamikia wakubwa kwa kuwabana walimu na mitihani isiyoisha.

Kilichombadilisha zaidi ni mji wa Carmaux, si mbali na Albi, mji wa makaa ya mawe. Mei 1892 wachimbaji walimchagua mwenzao, Jean-Baptiste Calvignac, katibu wa chama cha wafanyakazi, kuwa meya. Calvignac akaomba kazini apewe muda wa kushughulikia umeya. Kampuni ikamfukuza. Jiwekeni kwenye viatu vya wale wachimbaji: jamhuri imewaambia mna kura, wameitumia, na tajiri mwenye mgodi ameifuta kwa barua ya kuachishwa kazi. Mgomo ukaanza Agosti, ukaenda mpaka mwanzo wa Novemba. Serikali ikapeleka askari.

Mkubwa wa mgodi, Marquis de Solages, ndiye huyohuyo aliyekuwa mbunge wa jimbo. Joto lilipozidi akajiuzulu ubunge. Wachimbaji wakatafuta mtu wa kumweka, wakamfuata mwalimu wa falsafa wa Toulouse. Januari 1893 Jaurès akarudi mjengoni, safari hii kama mgombea wa wafanyakazi, kwa ilani ya kisoshalisti.

Hilo la Carmaux ndilo naliona kiini cha mtu huyu. Vitabu alikuwa ameshavisoma. Lucien Herr, mkutubi wa École Normale, alikuwa ameshamsukuma kwa miaka. Lakini alichokiona 1892 kilikuwa hoja ya kifalsafa yenye miguu. Mtu huyuhuyu ni mfalme siku ya kura, na asubuhi akiingia mgodini ni mtumwa. Baadaye aliizungumza bungeni kwa maneno yanayokaribiana sana na hayo.

#4 Mchangiaji

Mkuu, tasnifu ilisema nini? Mmezoea kutaja "aliandika tasnifu" halafu mnaruka. Tupe nyama.

#5 Mleta mada

Swali zuri. Ile ya Kifaransa inaitwa De la réalité du monde sensible, yaani juu ya uhalisia wa ulimwengu tunaouhisi. Kulikuwa na wanafalsafa waliosema rangi, sauti, joto, vyote vimo kichwani mwetu tu, nje hatujui kuna nini. Jaurès akasema hapana. Mwanga ni halisi, sauti ni halisi, na ulimwengu ni kitu kimoja kinachoshikamana na kusogea kuelekea umoja mkubwa zaidi. Na kwake Mungu yumo ndani ya mwendo huo, hakai pembeni anatazama. Ni kitabu kigumu, na kusema kweli kuna kurasa mtu anaimba kuliko anavyothibitisha.

Ya Kilatini ilihusu chimbuko la usoshalisti wa Kijerumani kwa Luther, Kant, Fichte na Hegel. Hoja yake: msijidanganye kwamba usoshalisti umezaliwa na njaa peke yake, umezaliwa pia na watu waliofikiri juu ya uhuru. Wafuasi wa Marx wa Ufaransa hawakuipenda.

Ukizisoma hizo mbili utaona kwa nini maisha yake yote hakukubali kuchagua kati ya tumbo na dhamiri. Wenzake walimwona ni mtu wa kati kwa kati. Mimi naona alikuwa na msimamo mmoja tangu 1892, ila ulikuwa msimamo mpana.

#6 Mchangiaji

Nilisikia alikuwa mpinga dini halafu akampeleka binti yake kanisani kupokea komunyo. Kweli au porojo?

#7 Mleta mada

Kweli kabisa, mwaka 1901, na lilimtoa jasho. Mkewe Louise alikuwa mshika dini. Binti yao Madeleine akapokea komunyo ya kwanza, na makomredi wakaja juu: vipi kiongozi anayepigana na nguvu za makasisi shuleni ana altare nyumbani? Ilibidi ajieleze hadharani. Alichosema kwa ufupi ni kwamba hana mamlaka ya kumlazimisha mkewe aache imani yake.

Ndiye huyu huyu aliyesukuma sheria ya 1905 ya kutenganisha kanisa na dola, pamoja na Aristide Briand. Na humo alikuwa upande wa wale waliotaka sheria ambayo Wakatoliki wanaweza kuishi nayo, wakati kuna waliotaka kuwakomoa.

#8 Mchangiaji

Mkuu, usimpambe sana. Dreyfus je? Mwanzoni si alikuwa upande mbaya?

#9 Mleta mada

Alikuwa. Desemba 1894, Kapteni Alfred Dreyfus, afisa Myahudi aliyesingiziwa kuwapa Wajerumani siri za jeshi, alipohukumiwa kifungo kwa uhaini, Jaurès alisimama bungeni kulalamika kwamba afisa wa tabaka la juu ameponea kifo wakati askari wa kawaida wanapigwa risasi kwa kumkosea mkubwa wao. Hakuuliza kama mtu mwenyewe ana hatia. Alitolewa nje ya kikao siku ile, tena kwa sababu ya ukali wa maneno. Na 1895, akiwa ametoka Algeria, aliandika juu ya Wayahudi wa kule kwa lugha ambayo leo inatia aibu. Siyafichi hayo.

Lakini angalia alichofanya 1898. Mei aliangushwa Carmaux na yuleyule de Solages, kwa hiyo hakuwa mbunge tena. Julai, waziri wa vita Cavaignac akasoma bungeni barua iliyodaiwa kumtaja Dreyfus, na bunge likapiga kura hotuba ile ibandikwe kwenye kuta za kila mji Ufaransa. Nchi nzima ikasema kesi imekwisha. Jaurès akakaa na maandishi yale kama mwalimu anayesahihisha insha. Kuanzia Agosti akatoa mfululizo wa makala kwenye gazeti la La Petite République, baadaye zikawa kitabu kiitwacho Les Preuves. Akachambua mwandiko, tarehe, namna sentensi zilivyojengwa, nani angeandika hivi na kwa sababu gani. Akasema wazi: barua hii ni ya kughushi.

Tarehe 30 Agosti Kanali Henry, wa idara ya ujasusi ya jeshi, alikiri kwamba aliighushi yeye. Kesho yake akakutwa amekufa selo, amejikata kwa wembe.

Jules Guesde, kiongozi wa wafuasi wa Marx wa Ufaransa, na wenzake walikuwa wanasema huo ni ugomvi wa mabwanyenye, mfanyakazi haumhusu. Jibu la Jaurès limo humohumo kwenye Les Preuves: Dreyfus amevuliwa cheo na tabaka lake kwa mateso, sasa si afisa tena wala si bwanyenye, ni ubinadamu wenyewe uliofika kilele cha taabu. Kwangu hiyo ndiyo sentensi yake bora.

#10 Mchangiaji

Tupeleke kwenye vita basi, maana vita hiyo ilifika mpaka kwetu. Dar es Salaam ilipigwa mizinga na meli ya Waingereza, HMS Astraea, tarehe 8 Agosti 1914. Na Novemba Tanga ikawaka.

#11 Mleta mada

Naam, siku nane tu baada ya Jaurès kuuawa. Na wapagazi wetu waliokufa njiani kwa njaa na maradhi, hakuna aliyewauliza chochote kuhusu Alsace, jimbo ambalo Wafaransa na Wajerumani waligombea, wala Serbia.

Nipite haraka katikati. 1902 alirudi bungeni, akashika na nafasi ya makamu wa spika kwa muda. Tarehe 18 Aprili 1904 likatoka toleo la kwanza la gazeti lake, L'Humanité. 1905 vyama vya kisoshalisti vilivyokuwa vinagombana vikaungana kuwa chama kimoja, SFIO, na ili umoja upatikane Jaurès alimeza sharti chungu: kuachana na ushirikiano na serikali ambao yeye mwenyewe aliutetea. 1908 alitoa hotuba dhidi ya adhabu ya kifo, bunge likaikataa. Waziri wa sheria Robert Badinter alimnukuu 1981 alipoifuta adhabu hiyo.

Kuhusu makoloni, kwa kuwa najua mtauliza: 1884 alikuwa anasifia ukoloni kama kazi ya kustaarabisha, kama wengi wa rika lake. Taratibu akageuka, na suala la Moroko likamfanya kuwa mmoja wa wapinzani wakali bungeni. Safari hiyo ilimchukua miaka ishirini na ushee. Polepole mno, nakubali.

Vita aliiona mapema. Machi 1895 tayari alishasema bungeni kwamba jamii yao ya vurugu imebeba vita ndani yake kama wingu lililotulia lilivyobeba dhoruba. Hakuwa mtu wa kusema "tusiwe na jeshi". Mwaka 1911 alitoa kitabu kizima, L'Armée nouvelle, akitaka jeshi la raia wote, la kulinda nchi. 1913 alipinga sheria ya kurefusha utumishi wa lazima jeshini kuwa miaka mitatu, na Mei mwaka huo alihutubia umati mkubwa Pré-Saint-Gervais, nje kidogo ya Paris. Magazeti ya wazalendo wakali yakawa yanamwita wakala wa Wajerumani. Kuna walioandika bila kificho kwamba afaa kuuawa.

Tarehe 29 Julai 1914 alikuwa Brussels kwenye mkutano wa wasoshalisti wa nchi mbalimbali, akasimama jukwaani na Mjerumani Hugo Haase. Tarehe 31 akarudi kuhangaika Paris. Jioni akaenda wizara ya mambo ya nje kuibana serikali iizuie Urusi, mshirika wake, isiingie vitani, akapokelewa na naibu waziri Abel Ferry. Inasimuliwa kwamba Ferry alionya kuwa akiendelea hivyo atauawa kwenye kona ya kwanza ya barabara.

Akaenda gazetini, akiwa na makala ya kuandika usiku ule. Kabla ya kuandika wakashuka kula Café du Croissant, rue Montmartre. Joto lilikuwa kali, dirisha limeachwa wazi, pazia tu. Jaurès amekaa mgongo ukiwa dirishani. Mwandishi mmoja wa meza ya jirani akatoa picha ya binti yake mdogo kumwonyesha, Jaurès akainama kuitazama. Ilikuwa kama saa 3 na dakika 40 usiku. Pazia likasogea, zikasikika risasi mbili.

Aliyepiga ni Raoul Villain, miaka 28, wa kikundi cha vijana wapenda Alsace na Lorraine. Kesho yake ikatangazwa amri ya kuita askari wote wa akiba. Tarehe 3 Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Ufaransa. Tarehe 4 wakamzika, na palepale kando ya jeneza kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Léon Jouhaux, akatoa hotuba ya kukubali kwenda vitani.

#12 Mchangiaji

Villain alinyongwa?

#13 Mleta mada

Aliachiwa huru, mkuu. Walimweka mahabusu vita nzima, wakamfikisha mahakamani Machi 1919, Ufaransa ikiwa imelewa ushindi. Jopo la raia 12 likamwona hana hatia. Na kwa kuwa familia ndiyo iliyoshtaki kama mdai, mjane Louise akaamriwa alipe gharama za kesi. Huyo mama mwaka mmoja kabla alikuwa amempoteza mtoto wao wa kiume, Louis, vitani. Paris wakaandamana kwa maelfu. Villain akaishia kisiwa cha Ibiza, akauawa huko Septemba 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipomfikia.

1924 serikali ya mrengo wa kushoto ikamhamishia Jaurès Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu wakubwa wa nchi, wachimbaji wa Carmaux wakimsindikiza. Wakomunisti wakaja na maandamano yao, mbali na ya serikali, maana chama chake kilikuwa kimeshagawanyika 1920 na gazeti lake limebaki kwao. Tangu hapo kila mtu anamvuta. Rais Mitterrand alimwekea ua 1981 siku ya kuapishwa. Sarkozy, wa mrengo wa kulia, alimtaja kwenye kampeni za urais za 2007. 2009 hata Front National, chama cha mrengo mkali wa kulia, walitoa bango la kudai Jaurès angewapigia kura wao. Hapo nilicheka.

#14 Mchangiaji

Na yule Bergson wa namba mbili? Aliingia siasa?

#15 Mleta mada

Kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa 1917 serikali ya Ufaransa ilimtuma Marekani akamshawishi Rais Wilson aingie vitani. Alikuwa mtu sahihi kwa kazi hiyo, kwani Wilson alikuwa profesa na Bergson alisomwa sana kule. Aprili mwaka huo Marekani ikaingia, ingawa nyambizi za Wajerumani zilichangia kuliko mwanafalsafa yeyote. Baada ya vita aliongoza kamati ya ushirikiano wa wasomi ya Shirikisho la Mataifa, na 1927 akapata Nobeli ya fasihi.

Huyo anahitaji uzi wake, nitaufungua nikipata nafasi. Aliyeuliza kwa PM kuhusu ugomvi wa Jaurès na mwanasiasa Clemenceau, nimekuona, leta swali hapa wote wafaidi.